Waliiba breki yangu ya mkokoteni wakaacha mnyororo

Wakuu, habari za huko mliko. Walionizidi umri shikamoo zenu, wadogo zangu salama?

Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu nina hofu, na nikinyamaza kuna mtu ataumia.

Hii sio chai. Mods, naomba msinihamishie kule kwenye hadithi. Watu nitakaowataja nawataja kwa majina wanayoitwa mtaani, na kama wamo humu waje wanikanushe mbele yenu.

Elimu yangu ni la saba, na hilo lenyewe nililimaliza kwa kuvutwa masikio. Mkiona nimekosea mnivumilie, mshike maana.

Mimi ni wa Tlawi, Mbulu. Kwa wasiopajua, ni juu, baridi, tunalima maharage, mahindi na viazi kwenye vilima. Kutoka kwetu kwenda barabara nzuri kuna mteremko mmoja mbaya, una mawe, una korongo upande mmoja, na katikati una kona.

Hiyo kona muikumbuke.

Zamani mazao yetu yalichukuliwa na lori la ushirika. Lilipanda hadi ghala la juu, unapima, unarudi nyumbani. Likaja soko huria. Ushirika ukafa, ghala likabaki la popo. Wakaja wanunuzi binafsi, na hao hawakutaka kuua magari yao kwenye mawe yetu. Walisimama chini kwenye barabara nzuri wakasema, mleteni.

Basi sisi ndio tukawa lori. Tukaunda mikokoteni ya maksai kwa ekseli za magari mabovu.

Shida ni kwamba mkokoteni hauna breki. Kupanda ng'ombe anavuta. Kushuka, mzigo unamsukuma yeye.

Dawa yetu ilikuwa gogo. Unakata mti, unaufunga kwa kamba nyuma ya mkokoteni, unaburuzwa. Gogo ndilo linazuia. Mlio wake unausikia kabla hujauona mkokoteni wenyewe, grrrrr juu ya mawe, kama mtu anayesaga meno.

Ukifika chini unalifungua unaliacha, maana hakuna mwenye nguvu ya kulipandisha tena. Akina mama wa chini hawakuhangaika na kuni miaka hiyo. Sisi wa juu miti ilikuwa inaisha.

Sasa namtaja wa kwanza. Paskali.

Paskali alikuwa mnunuzi wa maharage. Mtu wa maneno mengi, kofia pembeni. Siku hiyo alipanda mwenyewe kwa miguu mpaka kwetu kuharakisha mzigo, maana gari lake lilikuwa linangoja chini.

Kaka yangu Bura ndiye alikuwa mwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Bura akaishika kamba ya gogo akaikunja, akamwonyesha.

"Kamba hii imechoka. Tupunguze magunia, tushuke mara mbili."

Paskali akacheka. "Kamba ni kamba bwana. Mbona unaogopa kama umebeba mayai? Kama huwezi sema, nimwite mwanaume mwingine."

Wakuu, hilo neno mwanaume limeua watu wengi.

Tukashuka. Bura mbele ameshika pembe, mimi pembeni, Paskali anatufuata nyuma. Tulipoikaribia kona kamba ikakatika. Gogo likabaki nyuma, kukawa kimya. Nakumbuka zaidi ule ukimya kuliko kilichofuata. Nikamwona Bura anageuka kuangalia kuna nini, na mkokoteni ukampitia.

Mimi uliniponda mguu ukanitupa korongoni. Nikapona, kama kutembea hivi ni kupona.

Bura hakupona. Aliacha mke, shemeji yangu Paulina, na watoto.

Paskali alituma rambirambi kwa mkono wa mtu. Yeye mwenyewe hakukanyaga msibani. Akahamia kununulia Hanang, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja mpaka leo. Paskali, kama unasoma, kofia yako uliyoidondosha ukikimbia pale konani iliokotwa. Tunayo.

Naendelea.

Kwetu msiba wa namna ile, wazee walikuwa bado wanashika mila. Nyumba inatengwa kwa muda. Huendi kwa watu, watu hawaji kwako, hata mifugo yenu haichangamani na ya wengine. Vijana wa leo wanaokoka na wanasema ni mambo ya kale, sawa. Mimi ule muda ndio uliniponya na ndio ulinitesa. Nilikaa nje ya nyumba, mguu umefungwa vipande vya mbao, nasikiliza magogo ya wenzangu yakishuka mteremkoni.

Nikajua kila mkokoteni kwa mlio wa gogo lake. Kila mlio ukipita nashika pumzi mpaka ufike chini.

Katika kushika pumzi huko ndio ikaja breki.

Sio kitu cha ajabu. Ni mti mgumu umevikwa kipande cha tairi kuukuu, unakaa mbele ya gurudumu. Kuna chuma kirefu kama mkono wa handbreki. Ukikivuta, ule mti unakaba tairi. Ukikiachia, unatoka. Vyuma nilivipata Basotu. Mashamba makubwa ya ngano kule yalikuwa yameanza kufa, matela mabovu yamelala kwenye nyasi, watu wanachukua vyuma kutengeneza majembe.

Kule Basotu kuna mzee wa Kibarabaig anaitwa Gidamis, rafiki wa baba yetu. Maksai wetu waliuzwa baada ya ajali. Gidamis akaniwekesha wa kwake wawili waliokwisha kufanya kazi mteremkoni kwetu kwa jamaa mwingine. Mnaojua kuwekesha mnajua. Ng'ombe sio wako. Unamtunza, unamtumia, akizaa mna taratibu zenu. Akifa, unabeba ngozi yake kwa mkono wako mpaka kwa mwenyewe, unaiweka mbele yake, unaeleza.

Nilikuwa naota naibeba ngozi. Sitanii.

Kijijini walinicheka mpaka wakachoka. Nikipita na gongo langu la kutembelea wanaanza:

"Oya, umeshawafungia ng'ombe handbreki?"

"Bado indiketa!"

"Na side mirror, asije akagongwa kwa nyuma!"

Mimi nacheka nao. Utafanyaje.

Aliyeniumiza ni mmoja tu, shemeji Paulina. Yeye hakucheka. Tangu tumzike Bura alikuwa hanisemeshi. Alikuwa anauona ule mkokoteni uani kwangu anageuza uso.

Wakati huo ndio tumekatwa kutoka Arusha, tumekuwa mkoa wa Manyara, maofisi mapya, kila mtu ana hamu ya kuonekana anafanya kazi. Agizo likashuka kwamba mikokoteni mteremkoni basi, inaua. Mwenyekiti wetu, mzee Tarmo, alikuwa mtu wa haki lakini muoga wa wakubwa. Akaniita mbele ya mkutano.

"Kijana, wewe unasema una breki. Utashuka mbele yetu na mzigo kamili. Ukifika chini mzima, nitasimama mimi mwenyewe niwatetee. Ukianguka, hakuna mkokoteni tena hapa, na mazao yatashuka kwenye vichwa vya wake zenu."

Watu wakanigeukia. Ghafla hakuna anayecheka.

Najua kuna mkuu atauliza kwa nini sikujaribu kwanza nyumbani. Nilijaribu mkuu. Mkokoteni mtupu, kisha nusu mzigo, kwenye kilima kifupi nyuma ya nyumba. Ilishika safi. Ndio maana nilikubali.

Siku ilifika, asubuhi, jua limetoka. Watu wamejipanga kuanzia juu hadi chini kama wanasubiri mwenge. Wengine wamepanda juu ya mawe upande wa mlimani, maana hakuna anayetaka kusimama upande wa korongo.

Kijana mmoja wa ukoo wetu akashika pembe mbele. Nilimwambia ukiona vibaya achia ruka, usijifanye. Mimi na mguu wangu nikakaa pembeni kwenye mkono wa breki. Mikono inatoa jasho mpaka chuma kinateleza.

Tukaanza.

Breki ilishika. Wakuu, ilishika! Nilisikia mpira unalia kidogo kwenye tairi, mkokoteni ukatulia. Watu wa juu wakapiga makofi.

Lakini ng'ombe hawakutulia.

Walikuwa wanatembea kama wako tambarare. Hatua ndefu, shingo mbele. Mzigo unaanza kuwagusa kwa nyuma, na badala ya kukaza wanaongeza mwendo. Mimi navuta mkono, tairi zinajifunga zinaserereka juu ya changarawe. Nikiachia kidogo, tunakimbia. Nikivuta, tunaserereka. Yule kijana mbele anapiga kelele "Hoo! Hoo!" hawamsikii.

Na kona ile mbele yangu inakuja.

Sikufikiria kufa. Nilifikiria ngozi mbili mabegani kwangu njia nzima mpaka Basotu.

Pale konani alikuwa amesimama mtu mmoja peke yake. Upande wa korongo, mahali ambapo hakuna mwingine aliyethubutu kusimama. Paulina.

Sikujua kaja kufanya nini. Labda kuangalia nife mahali mumewe alipofia. Hilo ndilo lilipita kichwani, Mungu anisamehe.

Akatuangalia. Hakuniangalia mimi, aliwaangalia ng'ombe. Kisha akainama, akakamata tawi kavu kubwa lililokatika kwenye gogo la mkokoteni wa siku za nyuma, tulipompita akaruka barabarani nyuma yetu, akaanza kukimbia akiliburuza juu ya mawe.

Grrrrrr.

Niliona kwa macho yangu. Masikio ya maksai wale yaligeuka nyuma yote kwa pamoja. Wakashusha vichwa. Wakakaza miguu ya mbele, wakaegemea nyuma kwenye nira kama wanavyoshuka siku zote. Mkokoteni ukapungua mwendo. Nikavuta breki taratibu, tukaizunguka kona kwa hatua za bibi harusi, na Paulina nyuma anaburuza tawi, kitenge kimedondoka, anatukana kwa Kimbulu matusi ambayo siwezi kuyaweka humu.

Tukasimama chini. Hakuna aliyepiga makofi, watu walikuwa hawajaelewa walichokiona.

Nikamuuliza, "Shemeji, umejuaje?"

Anahema, mikono imechubuka. Hilo ndilo neno la kwanza kunisemesha tangu msiba.

"Umefunga breki kwenye tairi. Ng'ombe hukuwaambia."

Akawaelekezea maksai lile tawi.

"Hao wanajua wanashuka wakisikia gogo. Hawasikii gogo, wanajua ni tambarare. Bura alikuwa anayapiga mawe kwa fimbo nyuma ya wa kwake akiwafundisha. Nilikuwa natembea naye, wewe ulikuwa unapiga mluzi."

Wakuu, mimi niliyekaa miezi nasikiliza magogo, nikajua kila mkokoteni kwa mlio, sikuwaza kwamba ng'ombe nao wanasikiliza.

Na hapo nikaelewa siku ya Bura. Kamba ilipokatika hatukupoteza uzito wa gogo peke yake. Mlio nao ulikatika.

Siku ya pili yake Paulina alikuja uani na kipande cha mnyororo wa zamani. Tukaufunga kwenye ule mkono wa breki. Ukivuta breki, mnyororo unaanguka chini unaburuzika juu ya mawe. Ukiachia, unapanda juu. Ng'ombe wanasikia, wanajua, wanakaza. Basi. Hiyo ndiyo breki kamili. Chuma ni changu, mnyororo ni wa Paulina.

Nilikwenda Basotu kumweleza Gidamis kilichotokea, maana ng'ombe ni wake lazima ajue. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa sauti nzito:

"Umeniletea ngozi?"

"Hapana mzee. Bado wamezivaa wenyewe."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Tarmo alitimiza ahadi, alitutetea, mikokoteni ikaendelea. Nikawafungia breki majirani. Akina mama wa chini walinilaumu kwamba nimewamalizia kuni. Ule ndio ulikuwa wakati wangu mzuri, nao haukudumu.

Sasa namtaja wa pili. Tluway.

Tluway ni fundi wa kuchomelea Mbulu mjini. Alikuja kwangu kama mgeni, nikamkaribisha, akanywa chai, akaizunguka breki akiipapasa. Hakuuliza swali hata moja. Mimi nikadhani anaheshimu. Kumbe anapima.

Muda kidogo nasikia kuna maonyesho ya wakulima, kuna mbunifu wa Mbulu ametengeneza breki ya mkokoteni. Nikaenda. Nikakuta breki yangu imepakwa rangi nyekundu inang'aa, Tluway kavaa suti, anapigwa picha, anasema wazo lilimjia akiwa anaomba.

Nikaiangalia vizuri. Haina mnyororo. Kauondoa, labda aliona unachafua.

Roho yangu haikuuma kwa sifa, niamini. Niliogopa. Nikapiga kelele kutoka nyuma ya watu:

"Tluway! Mnyororo uko wapi?"

Akajibu bila hata kunigeuzia uso. "Mzee, hii ni breki, sio mbwa."

Watu wakavunjika mbavu. Nikatolewa nje kwa upole, na gongo langu.

Breki nyekundu zikauzwa Mbulu, zikashuka Hanang mpaka Masakta. Kule Masakta kuna mkulima anaitwa Margwe, alinunua maksai waliozoea gogo kutoka kwetu juu, na breki nyekundu kutoka kwa Tluway. Alipopakia mahindi akashuka nayo kilima chao. Breki ilishika. Ng'ombe hawakuambiwa.

Maksai wote wawili walikufa. Margwe alikatwa mkono.

Na hapo ndipo Tluway alipokumbuka jina langu. Akawaambia watu wa Masakta kwamba mchoro ni wa mlemavu mmoja wa Tlawi, yeye ni fundi tu, alitengenezeshwa. Siku ya kupongezwa ilikuwa yake, siku ya damu ikawa yangu.

Niliitwa Masakta. Paulina akasema hutakwenda peke yako. Tukaenda na mnyororo kwenye gunia. Vijana walikuwa wametusubiri na fimbo. Aliyetuokoa ni Margwe mwenyewe, mkono umefungwa. Akasema waacheni waeleze, mimi ndiye niliyeumia. Paulina akaeleza. Margwe akasema:

"Kweli. Walisimamisha masikio mbele. Nikashangaa mbona wamefurahi."

Tangu siku ile Margwe ni ndugu yangu. Yeye ndiye anafunga minyororo Hanang kwa mkono mmoja.

Wakuu, nilichojifunza.

Anayeiba kazi ya mbunifu anaiba anachokiona. Sababu haionekani, imebaki kichwani kwa mwenyewe, na kwa shemeji yake. Mkimcheka, hatawaambia. Mkimwibia, hamtamuuliza. Mkimpiga picha mwizi, mnauza nusu ya kitu, na nusu iliyobaki inakuja kudaiwa kwa mkono wa Margwe.

Sihitaji cheti. Kwenye kijiji chako kuna mtu anahangaika na kitu uani kwake sasa hivi. Nenda ukakae naye. Muulize kwa nini hapa umeweka hivi. Akishindwa siku ya kwanza usimwimbie kejeli. Na ukisimulia kazi yake, taja jina lake, na mtaje na mwanamke aliyesimama konani, maana yule huwa hatajwi kabisa.

Tluway bado anachomelea. Breki nyekundu bado zinauzwa, na vijana wananunua kwa sababu mnyororo wanaona ni kelele za wazee. Wengine hata niliowafungia mimi wanaukata. Wananiita Mzee Kelele.

Kwa hiyo kila siku ya mnada nakaa huku juu ya mteremko na gunia la vipande vya minyororo. Anayepita bila mlio namsimamisha, namfungia bure, akikataa namsihi. Wengi wanakubali. Wengine wanapita wana vitu masikioni, hawanisikii mimi wala hawasikii ng'ombe wao.

Paulina anakaa chini konani. Amezeeka sasa. Ana tawi lake kavu pembeni, analibadilisha likioza.

Kama una mjomba, baba, rafiki mwenye mkokoteni Mbulu, Hanang au popote penye mteremko, mpigie leo umuulize breki yake ina mlio. Na hapo chini naomba mniandikie majina ya wabunifu wa kwenu, walio hai na waliokufa, na kile walichotengeneza. Nitayasoma yote, nina muda. Wa kunitukana pia karibuni, nimeshazoea.

Leo ni mnada. Nimeandika haya nikiwa nimekaa hapa hapa juu.

Naweka simu mfukoni. Kuna mkokoteni unakuja kule nyuma ya migomba, nauona vumbi lake, na bado siusikii.